Uzi: Mkono wa kinga kwenye vito vya fedha vya Ethiopia, tuelewane kabla hamjatoa hela

fundi_riale
Wakuu habari za jioni. Kuna mdau kaposti kidani cha fedha, kiganja kimekunjuliwa, jicho la bluu katikati, bei imechangamka, na maelezo yanasema "mkono wa Fatuma wa Kihabeshi, wa kale, kinga ya kijicho". Komenti zimejaa watu wanaulizia punguzo. Mimi fedha kuukuu ndiyo inaniweka mjini na Addis nakwenda kufuata mzigo, kwa hiyo nimeona nifungue uzi tuongee taratibu, maana mkono wa kinga Ethiopia upo kweli, ila haupo hivyo.

Iko hivi. Kile kiganja cha wazi chenye vidole vitano vimepangana vizuri na jicho katikati kwao ni Maghreb, yaani Morocco, Tunisia, Algeria. Waislamu wa kule wanakiita khamsa, au mkono wa Fatuma binti Mtume, na Wayahudi wa kule kule nao wanacho, wao wanamtaja Miriamu dada yake Musa. Ethiopia ukiingia kwa sonara ukamwambia nipe mkono anaweza akakutolea cha hivyo hivyo, maana watalii wameshamzoesha kuwa navyo, na siwezi kusema vya zamani havipo kabisa, upande wa Waislamu utakutana navyo kimoja kimoja. Lakini kile ambacho bibi zao walikivaa shingoni kinaitwa telsum, na humo ndimo mkono umejificha.

Telsum ni kidude cha fedha cha ukubwa wa kidole gumba, vingine vinafika kiberiti. Nyingi zina umbo la uru wa karata. Juu kuna kibomba cha kupitishia uzi, tumboni zimepigwa vitone vidogo vidogo vya fedha vilivyounganishwa kwa moto, na chini zinatoa ncha, tatu, tano au saba. Zile za ncha tano ndizo ambazo wengi wanazisoma kama mkono, vidole vimefupishwa mpaka vimebaki vinundu, hakuna kiganja, hakuna kucha, hakuna jicho. Mtu asiyeambiwa anaona pambo tu. Wanawake walizitunga nyingi kwenye uzi mmoja mweusi wa pamba, katikati wanaweka ushanga mwekundu au kipande cha kaharabu, na zile ncha zote zinaangalia chini kifuani.

Utazikuta sana mji wa Harar, mashariki, na eneo la Wollo, kaskazini. Wollo ni sehemu ya ajabu kwa hili, Waislamu na Wakristo wanaoana, wanazikana, wanakula sikukuu za wenzao, na telsum ile ile unaikuta kwa mama wa msikitini na kwa mama wa kanisani. Kwa hiyo ukiuliza hii ni ya dini gani unamuonea tu muuzaji.

Karibuni kwa maswali, ila tafadhali msiniulize bei inboksi.

Kipara_wa_Tegeta
Mkuu umetisha. Swali la mtu asiyejua kitu: hiyo fedha walikuwa wanachimba wapi? Sijawahi kusikia mgodi wa fedha Ethiopia, kahawa nimesikia, dhahabu nimesikia.

fundi_riale
Swali zuri kuliko unavyodhani kaka. Hawakuchimba, waliyeyusha hela.

Kuna sarafu inaitwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Huyu mama alifariki 1780 na tangu hapo ile sarafu imeendelea kupigwa miaka na miaka ikiwa na mwaka huo huo 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uarabuni walikataa kabisa sura nyingine. Gramu 28 na ushee, fedha yake ni sehemu 833 kwenye 1000. Upande mmoja mama mwenyewe kifua wazi kidogo, mnene, ana bruchi begani, upande wa pili tai wa vichwa viwili. Ethiopia watu walikuwa wanaikagua ile bruchi, wanahesabu lulu zake, zikiwa zimefutika wanakurudishia sarafu yako. Ukingoni ina maandishi yaliyoinuka ili mjanja asiikwangue pembeni akala vumbi la fedha.

Hii ndiyo ilikuwa hela ya Ethiopia ukiacha amole, vile vipande vya chumvi. Mfalme Menelik II alipiga riale zake zenye sura yake miaka ya 1890, watu wakazipokea shingo upande. Hata Mussolini alipotaka kuivamia nchi alihangaika mpaka akapata kalibu kutoka Vienna mwaka 1935, akapiga riale zake Roma, na Waingereza mwaka uliofuata wakaanza kupiga za kwao London. Nchi za watu zinagombania kutengeneza hela ya mama aliyekufa karne moja na nusu nyuma! Mwaka 1945 ndipo serikali ya Haile Selassie ikaleta hela mpya na riale zikaanza kuondolewa sokoni.

Sasa mwanamke anapoolewa anapewa riale. Anazipeleka kwa sonara, kwa Kiamhara wanamwita antiregna, anamwambia nitolee telsum mbili, msalaba mmoja, na inayobaki nipe furungu la mguuni, wao wanaliita albo. Sonara analipwa ufundi tu, fedha si yake. Na ndiyo maana sonara mwaminifu hakuwa na sababu ya kuchanganya sana, kila mtu alijua riale ngapi zimeingia na mzani upo. Kuna misalaba ambayo haikuyeyushwa kabisa, sarafu imekatwa tu kwa msumeno mwembamba na ukigeuza nyuma unaona bawa la tai au kipande cha nywele za Maria Theresa. Mimi hizo ndizo nazipenda kuliko zote, na wateja wangu wengi hawazitaki, wanasema hazijamalizika vizuri. Haya.

BintiUnguja
Fundi umenikumbusha mbali. Hizo riale huku kwetu tulizijua, wazee wakiziita riale za Sham, na kekee za bibi zetu na mitali zilitokana na fedha hiyo hiyo. Sarafu moja inafanya hirizi Harar na inafanya kekee Unguja, wallahi dunia ndogo.

Alafu nataka niseme kitu kingine watu wa bara mtashangaa. Huku kwetu kwenye ngoma za pepo kuna pepo wa Kihabeshi. Ni watu wa heshima zao hao, wanataka vitu vizuri, manukato, nguo, mapambo, hawataki uchafu. Hii inatokana na masuria wa Kihabeshi waliokuwa majumbani mwa masultani na matajiri, walikuja na uzuri wao na mambo yao. Kwa hiyo ukiniambia mwanamke wa Kihabeshi na fedha yake shingoni na kinga zake, mimi sishangai hata kidogo, sisi hao tunaishi nao mpaka leo vichwani mwa watu.

mama_Neema
Samahani jamani sitaki kuharibu uzi ila haya yote si ni hirizi tu? Tunapamba maneno, kidani, telsum, sijui vitone, mwisho wa siku ni mganga. Na Ethiopia tunaambiwa ni nchi ya Kikristo tangu karne ya nne.

Shemasi_mstaafu
Mama Neema shikamoo kwanza kama unastahili, na kama mimi ndiye mkubwa basi marahaba.

Unachosema kina ukweli na kanisa lao lenyewe halifurahii haya mambo. Lakini tofautisha vitu. Mkristo wa Orthodox wa Ethiopia anapobatizwa mtoto anafungwa uzi shingoni, unaitwa mateb, bluu au mweusi, na humo ndimo msalaba unaning'inia. Hiyo si uganga, ni alama ya ubatizo. Mfalme Zara Yaqob, karne ya 15, alikuwa mkali kweli kwenye hili, alitaka msalaba uwe kila mahali, kwenye vifaa vya watu na mpaka kwenye miili yao, na ukienda leo vijijini utaona akina mama wa umri mkubwa wamechanjwa msalaba kwenye paji la uso.

Na kwa habari ya mkono, mleta uzi ameongelea telsum, ngoja niongezee upande wetu. Zaburi ya 68 mstari wa 31 inasema Kushi itamnyoshea Mungu mikono yake. Waethiopia huo mstari wameushika kama wa kwao, uliandikwa kwenye nembo za kifalme. Mkono kwao ni kitu kinachoinuliwa. Padri hatoki nyumbani bila msalaba wa mkono, ni mdogo, wa fedha au shaba au mbao, una mpini wa kushika na chini ya mpini kuna kibao cha mraba. Muumini anakutana naye njiani, anainama, padri anamgusisha msalaba kwenye paji la uso, kisha anaubusu juu na chini. Nimeona Addis watu wanasimamisha shughuli zao barabarani, teksi inapiga honi, mtu anabusu kwanza. Na ile misalaba mikubwa ya maandamano ya Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Kristo, mwezi wa kwanza na Meskel, sikukuu ya msalaba, mwezi wa tisa, iangalieni vizuri kwa chini: kuna mikono miwili imepinda pembeni ya mpini, hapo ndipo wanapofungia kitambaa cha rangi. Mtu anayejua kusoma fedha ya Ethiopia anaanza kuangalia hapo.

Hata hiyo tano nayo tunayo. Majeraha matano ya Kristo, na misumari mitano ambayo wao wameipa majina, Sador, Alador, Danat, Adera, Rodas. Majina hayo yanaandikwa kwenye maombi ya kujikinga. Kwa hiyo ncha tano kifuani kwa mama wa Kikristo wa Wollo hazihitaji Fatuma ndiyo ziwe na maana.

ustadhi_kimya
Shemasi ahsante. Kwa upande wetu masheikh wengi watakwambia kinga ni dua na aya, kuitegemea fedha ni shirki, na Harar kwenyewe vijana waliosoma nje wamezikataa hizi telsum, bibi zao wanaziuza ndiyo maana zimejaa madukani. Mimi sivai. Lakini nikiona moja nzuri nanunua naweka kabatini, Mola anisamehe, ufundi ule huwezi kuuacha.

shemeji_wa_Gondar
Mimi mke wangu ni wa Gondar, kaskazini mwa Ethiopia, ngoja niwape upande ambao kwenye maduka hamtausikia, maana mnaongea kinga kinga, kinga dhidi ya nini? Dhidi ya buda.

Buda ni mtu mwenye jicho baya, na kwa Waethiopia wa nyanda za juu hilo jicho halikutazami tu, linakula. Mtoto akianza kudhoofu ghafla, msichana mzuri akaanguka na kupiga kelele siku ya harusi yake, wanasema kaliwa. Wanamfukizia moshi wa majani mpaka aseme kwa kinywa chake nani anayemla. Mwanangu alipozaliwa nikapiga simu ya video kwa mama mkwe, nikasema tazama mama ana mashavu mazuri! Yule mama akageuza uso, akasema "mbaya huyu, mbaya kabisa". Mke wangu anacheka. Baadae ndiyo nikaelezwa kwamba mtoto hasifiwi waziwazi, ni kama sisi tunavyodai mashallah ila wao wanaenda mbali zaidi. Wiki ile ile ikatumwa kifuko cha ngozi kimeshonwa pande zote, kitab wanakiita, kimefungwa kwa kamba ya pamba. Ndani kuna maandishi. Sikukifungua.

Sasa hapa ndipo penye utamu wenyewe. Buda ni nani? Kwa imani yao ya zamani buda ni fundi. Mhunzi wa chuma, mfinyanzi wa vyungu, mtengeneza ngozi. Mtu anayefanya kazi na moto usiku. Na hasa Beta Israel, wale Wayahudi wa Ethiopia ambao wengi sasa wapo Israel. Mapokeo yanasema mfalme Yeshaq mwanzoni mwa karne ya 15 aliwapiga akatamka kwamba asiyebatizwa hatarithi ardhi. Mtu bila ardhi nyanda za juu utaishi vipi? Utashika nyundo. Wakawa wahunzi, wajenzi, wafinyanzi, majumba ya Gondar yale ya karne ya 17 wamo waliojenga. Jirani anakuhitaji kwa jembe na mkuki na sufuria, hawezi kulima bila wewe, lakini hana ardhi ya kukupa na hataki umuolee binti. Basi anasema wewe una jicho, wewe usiku unageuka fisi. Ukitaka kujua nani hana ardhi kwenye kijiji cha zamani angalia nani anaitwa buda.

Na msione ni utani, kuna Mwingereza Nathaniel Pearce aliishi huko mwanzoni mwa karne ya 19, ameandika kwamba fisi waliouawa walikutwa na hereni za dhahabu masikioni, za aina ile ile wanayovaa hao mafundi. Hereni kwenye sikio la fisi! Kwa hiyo pambo linalomkinga mtu na buda limetengenezwa na mkono wa mtu ambaye ukoo wake au wa jirani yake kazini unaitwa buda. Mkono unaoumba kinga ndio mkono unaoogopwa. Mama mkwe hilo haoni ajabu, anasema kwani nani mwingine angejua kuitengeneza?

Kipara_wa_Tegeta
Fisi na hereni 😂😂 nimesoma hii usiku niko peke yangu geto, nalala na taa.

fundi_riale
Shemeji umemwaga. Niongezee kidogo halafu nikupinge kidogo.

Sonara wa fedha na dhahabu hakuwekwa chini kama mhunzi wa chuma, alikuwa na nafuu, alifanya kazi kwa wafalme na makanisa, na mijini Waarmenia na Wahindi nao waliingia kwenye hiyo kazi na hao hakuna aliyewaita fisi. Aliyebeba mzigo wote ni wa chuma na wa vyungu. Menelik mwenyewe mwaka 1908 ilibidi atoe tangazo kukataza watu kuwatukana mafundi, maana alitaka barabara na reli na silaha na huwezi kujenga nchi huku unamwita fundi mchawi.

Alafu fisi huyo huyo ukifika Harar kibao kinageuka. Harar ni mji wa Waislamu, una ukuta wa Jugol wa karne ya 16, malango matano ya zamani, UNESCO waliuweka kwenye orodha yao 2006. Ukutani kuna matundu madogo chini yameachwa makusudi ili fisi waingie usiku kula mabaki. Wao wanasema fisi anakula majini. Kuna jamaa wanawalisha nyama kwa kijiti mdomoni na watalii wanapiga picha. Kwa hiyo mlimani fisi ndiye jicho baya, Harar fisi ndiye anayesafisha mabaya. Na telsum zinatoka pande zote mbili. Ndiyo maana mimi mtu akiniandikia "hii alama inamaanisha hiki" kwa mstari mmoja nafunga simu.

Kwenye kitab nako shemeji kuna mengi. Wale wanaoandika wanaitwa debtera, watu wa kanisani ambao si mapadri kamili, wamesoma Ge'ez, lugha ya kale ya kanisa, na nyimbo. Wanaandika kwenye ngozi ya kondoo au mbuzi, inakatwa urefu sawa na urefu wa mwenyewe, kutoka utosini mpaka unyayoni, ili kila sehemu ya mwili ipate kinga. Jina la ubatizo la mwenyewe linaandikwa humo ndani. Picha zake ni macho, macho matupu yanakukodolea, malaika mwenye upanga, nyota ya pembe nane yenye uso katikati. Unakunja, unatia kwenye bomba la ngozi au la fedha, unavaa. Jicho wanalolitafuta wauza khamsa lipo Ethiopia, ila limefungiwa ndani ya bomba, halining'inizwi nje.

Galgalo_Msbt
Salamu kutoka Marsabit. Nyinyi mnaongea Amhara na Harari tu kama kawaida, Borana mmetuacha na sisi tuko pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Ethiopia. Sisi hatuna mkono. Tuna kallacha, inavaliwa kwenye paji la uso na wazee wa gada, yaani uongozi wetu wa marika, na watu wa qallu, viongozi wetu wa dini ya jadi, imesimama mbele kama pembe, na kila mtu anajua ni umbo la nini, watoto wapo humu sitasema. Nayo ni baraka na nguvu. Watu wa makumbusho Ulaya wanaiandika "pambo". Pambo kitu gani, ukimkuta mzee ameivaa hufanyi mzaha.

shemeji_wa_Gondar
@Galgalo_Msbt nimeelewa umbo la nini, nimetulia 🤐

DadaSonia_Eldy
Nimefuatilia tangu juu, thanks kwa elimu. Mimi niko practical, nataka zawadi ya harusi ya dadangu. Nitajuaje hii ni fedha ya kweli na ya zamani na sio ile ya kumwagiwa maji ya fedha? Fundi usinizungushe.

fundi_riale
Sikuzungushi dada. Kwanza sahau sumaku. Kila mtu anakuja na sumaku. Fedha haishikwi na sumaku ni kweli, lakini ile fedha ya Kijerumani, yaani mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nayo kwa kawaida haishikwi, na ndiyo imejaa sokoni.

Geuza nyuma. Hilo ndilo jambo la kwanza. Mbele kila mtu anapendezesha, nyuma ndiko kunasema kweli. Telsum iliyovaliwa maisha ya mtu mzima nyuma imelainika kabisa, imeng'aa kwa ngozi na jasho, wakati mbele kwenye mabonde ya vitone weusi umebaki. Ukiona weusi umesambaa sawasawa mbele na nyuma, mpaka ndani ya kibomba, hiyo imetumbukizwa kwenye dawa ya salfa juzi tu. Angalia kibomba cha uzi: uzi unakula fedha, pembeni ya tundu panakuwa pembamba, pengine pameshakatika pakaungwa tena kwa lehemu ya rangi tofauti. Mapengo ya hivyo mimi nalipia zaidi. Ncha pia hazilingani, fundi alikaa chini na makaa na mrija wa kupulizia akaunganisha kimoja kimoja kwa mkono, kwa hiyo kinundu cha tatu ni kikubwa na cha tano kimelala kidogo. Zikiwa sawa sawia zote tano, na muuzaji ana sita zinazofanana kama pacha, zimetoka kwenye kalibu moja.

Ukitaka uhakika peleka kwa sonara, akikwangue kidogo kwa tupa sehemu isiyoonekana, adondoshe tone la tindikali ya nitriki. Ikichemka kijani siyo. Ikitulia ikawa ya maziwa maziwa au kijivu unayo fedha. Usifanye mwenyewe jikoni, inachoma.

Na muhuri wa 925 usikufurahishe kwa kitu kinachoitwa cha kale. Fedha ya riale ni 833, mafundi wa vijijini hawakuwa na muhuri. Ukiuona 925 ujue ni kazi ya siku hizi, inaweza kuwa nzuri na ya fedha kweli, ila lipia bei ya siku hizi. Kwa zawadi ya harusi mimi ningechukua mpya ya fundi mzuri wa Addis kuliko kuukuu ya kubahatisha.

DadaSonia_Eldy
Sawa nimekupata. Na nikienda mwenyewe Addis naruhusiwa kutoka nazo?

mtu_wa_klia
Hapo nijibu mimi, kazi yangu mizigo. Mpya hakuna shida, weka risiti. Za zamani usibebe kienyeji, wana sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2000, Tangazo namba 209, kitu cha kale hakitoki bila kibali. Unapeleka vitu vyako vikaguliwe kabla ya safari, wakiona ni kawaida wanakupa karatasi, wakiona ni cha thamani kinabaki. Uwanja wa ndege wanapekua hasa misalaba na vitabu vya ngozi. Na wana haki, Waingereza walibeba mali kwa tembo na nyumbu wa mizigo kutoka Maqdala, ngome ya mfalme Tewodros, mwaka 1868, mataji na misalaba mpaka leo ipo London. Msalaba mkubwa wa Lalibela, wa dhahabu, kilo kama 7, uliibwa mwaka 1997 ukaenda kuonekana Ubelgiji, ukarudi 2001. Kwa hiyo wakikuuliza maswali mengi usinune.

mama_Neema
Shemasi marahaba nimeipokea, mimi ndiye mdogo. Bado mimi sitavaa. Ila huo msalaba uliokatwa kwenye sarafu, ule wa bawa la tai nyuma, fundi unao?

fundi_riale
Mama ninao mmoja, kona moja imepinda. Njoo dukani uushike kwanza, sitaki kukuuzia kwa picha.

BintiUnguja
Swali la mwisho kwangu fundi. Nimerithi kamkufu kana vipande viwili vya hizo fedha, weusi tii. Nikisugue kwa dawa ya meno?

fundi_riale
Hapana bibie, dawa ya meno inakwaruza, na ile ya kuchemsha na karatasi ya alumini na magadi inang'oa weusi wote mpaka kwenye mabonde, kitu kinabaki cheupe kama bati jipya. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini ya maji kidogo, kitambaa cha pamba, unafuta mgongo na ncha tu, mabonde unayaacha. Kausha vizuri kwenye kibomba maana maji yakibaki humo uzi unaoza. Na kama uzi ni wa asili usiukate kwanza, nipigie picha fundo lake nione limefungwaje.